Kuiga kifafa kwenye kompyuta: mwongozo kamili, kutoka seli moja hadi ubongo mzima

Kila anayetaka kuiga kifafa kwenye kompyuta huanza kwa kuuliza kinawashwaje. Swali lenye faida zaidi ni kinazimwaje. Kifafa humshika mtu, humtikisa dakika moja au mbili, kisha humwachia chenyewe, mara nyingi bila dawa wala mkono wa mtu. Modeli inayojua kuwasha tu bado haijafika nusu ya kazi.

Mwongozo huu nawaandikia vijana wa Bukavu wanaosoma hisabati, fizikia, informatiki au uganga, wenye kompyuta ya kawaida, mega za kuhesabu na umeme unaokuja na kuondoka. Kazi hii inawezekana hapa hapa, Ibanda, Kadutu au Bagira. Na ina maana kwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Malaria iliyopanda kichwani, mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo: sababu hizi tunazijua kwa karibu kuliko watu wengi wanaoandika modeli. Nataka vijana wetu wawe miongoni mwa wanaoziandika.

Vya kuandaa

Unahitaji Python 3, NumPy na Matplotlib. Baadaye utaongeza MNE kwa kusoma EEG, yaani rekodi ya umeme wa ubongo inayochukuliwa kichwani, na tvb-library kwa ubongo mzima. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inatosha hadi karibu na mwisho. Hatua ya mwisho inapenda GB 8.

Kama mko watano au sita, msinunue mega mara sita. Mmoja apakue mara moja, kisha mgawane kwa flashi:

```
pip download numpy matplotlib mne -d furushi
pip install --no-index --find-links furushi numpy matplotlib mne
```

Mstari wa kwanza ni wa mwenye intaneti, wa pili ni wa wengine wote. Hakikisheni tu kwamba kompyuta zenu zina mfumo mmoja na toleo moja la Python, la sivyo mafurushi yatakataa kuingia.

Kwa nini ngazi tatu

Ubongo wa mtu mzima una nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo bilioni 86. Hakuna kompyuta ya mezani itakayozibeba moja moja, na hata ingeweza, usingejua uangalie nini. Upande wa pili, kipande cha EEG kilichobandikwa kichwani hakisikii nyuroni moja kabisa: kinasikia maelfu kwa maelfu zikisukumana kwa pamoja. Ndiyo maana kazi hugawanywa. Ngazi ya chini ni seli, ya kati ni kundi la seli katika eneo moja, ya juu ni maeneo yote yaliyounganishwa kwa nyaya za ubongo. Kila ngazi inaikabidhi inayofuata namba chache tu, na ustadi wote uko katika kujua namba hizo zinasimamia nini mwilini.

Hatua ya 1: Seli moja

Anza na milinganyo ya Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952, waliyoipata kwa kupima uzi mnene wa neva wa ngisi. Ina vigeu 4: volti ya utando, milango miwili ya sodiamu na mmoja wa potashiamu. Namba zake za kawaida ni hizi: uwezo wa utando 1 µF/cm²; upitishaji 120 kwa sodiamu, 36 kwa potashiamu na 0.3 kwa uvujaji, vyote kwa mS/cm². Volti za mizani, yaani pale mkondo wa kila njia unaposimama, ni 50, -77 na -54.4 mV kwa mpangilio huo huo. Seli itatulia karibu na -65 mV. Isukume kwa mkondo wa 10 µA/cm², nayo itapiga miiba, yaani mipigo mifupi ya umeme, mfululizo.

Sasa fanya jaribio moja linalohusu kifafa moja kwa moja. Pandisha volti ya mizani ya potashiamu kutoka -77 hadi -70, kisha punguza mkondo kidogo kidogo. Utaona kwamba seli inaanza kupiga kwa msukumo mdogo kuliko mwanzo. Ulichokiiga hapo ni potashiamu kujaa nje ya seli, jambo linalotokea kweli wakati wa shambulio: nyuroni zikipiga sana humwaga potashiamu nje kuliko inavyoweza kuzolewa, na potashiamu hiyo huzifanya zipige zaidi. Liandike jambo hili daftarini, maana linatokea polepole, kwa sekunde, wakati mwiba mmoja hauzidi milisekunde chache. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo itakayotubeba hadi Hatua ya 3.

Usikae hapa mwezi mzima. Seli ikishapiga na ukaelewa kwa nini, panda.

Hatua ya 2: Kundi la seli

Katika ngazi ya kati hatufuati tena miiba. Tunafuata wastani: kundi zima linapiga mara ngapi kwa sekunde, na volti yake ya wastani ni ipi. Wilson na Cowan walifungua njia hii mwaka 1972 kwa makundi mawili, moja la kuchochea na moja la kuzuia. Kwa anayetaka kufika kwenye EEG, mimi napendekeza modeli ya Jansen na Rit ya mwaka 1995, yenye makundi matatu: seli za piramidi, wachochezi wadogo na wazuiaji.

Namba za kuanzia ni nguvu ya uchochezi A = 3.25 mV, nguvu ya uzuiaji B = 22 mV, kasi a = 100 na b = 50 kwa sekunde, na idadi ya miunganisho C = 135. Ipe kelele ya kuingia, yaani msukumo unaobadilika ovyo, kati ya 120 na 320 kwa sekunde, na itakutolea wimbi la karibu mara 10 kwa sekunde, lile lile linaloonekana kwenye EEG ya mtu aliyefumba macho akiwa ametulia. Kisha ongeza A kidogo kidogo huku B ukiiacha palepale. Wimbi laini litaanza kuvunjika na kuwa miiba mikali. Uchochezi umeuzidi uzuiaji.

Wengi hufika hapa wakasema wameiga kifafa. Mimi sikubaliani nao. A uliipandisha wewe kwa mkono wako, na wewe ndiye utakayeishusha. Ubongo hauna mtu wa kugeuza kitasa.

Hatua ya 3: Kigeu cha polepole

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, kwa hiyo tutakaa.

Mwaka 2014 Viktor Jirsa na wenzake wa Marseille, Ufaransa, walitoa modeli iitwayo Epileptor. Ina vigeu 5 vinavyotembea kwa kasi tatu tofauti: viwili vya haraka vinavyotoa mtetemo wa shambulio, viwili vya kati vinavyotoa miiba na mawimbi, na kimoja cha polepole sana, z, kinachoamua lini shambulio linaruhusiwa kuanza na lini lazima liishe. Fikiria mbabula: mwali unacheza juu kila nukta, lakini kinachoamua chakula kitapikwa hadi lini ni makaa yanayopungua chini. Mwilini, z inasimamia mambo yanayokwenda kwa mwendo huo wa pole, kama nishati ya seli, oksijeni na chumvi zilizo nje ya seli. Potashiamu ya Hatua ya 1 imerudi, safari hii ikiwa ndani ya namba moja.

Tutatumia umbo lililopunguzwa, lenye vigeu viwili tu, x ya haraka na z ya polepole. Halina miiba ya ndani, ila linaonyesha waziwazi kuwaka, kuzima na kusambaa. Tunaweka maeneo mawili ya ubongo yanayosemezana:

```
import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt

x0 = np.array([-1.6, -2.2])
K = np.array([[0.0, 1.0],
              [1.0, 0.0]])
tau, I, dt = 2857, 3.1, 0.05
hatua = 200000

x = np.full(2, -1.7)
z = np.full(2, 3.2)
daftari = np.zeros((hatua, 2))

for t in range(hatua):
    mvuto = (K * (x[None, :] - x[:, None])).sum(axis=1)
    dx = 1 - x**3 - 2*x**2 - z + I
    dz = (4*(x - x0) - z - mvuto) / tau
    x = x + dt*dx
    z = z + dt*dz
    daftari[t] = x

plt.plot(daftari)
plt.show()
```

K ni nguvu ya muungano kati ya maeneo, na tau ni upole wa z. Namba ya kutazama ni x0. Hiyo ndiyo wepesi wa eneo kushikwa. Mpaka wake unaweza kuupata kwa kalamu, na nakusihi uupate kwa kalamu kabla ya kuamini kompyuta. Weka dx = 0, utapata z = 4.1 - x³ - 2x². Mstari huo unageuka penye x = -4/3 na penye x = 0. Tawi la kushoto ni utulivu, tawi la kulia ni shambulio. Penye x = -4/3, z ni karibu 2.915. Weka pia dz = 0 bila mvuto, yaani z = 4(x - x0), na utapata x0 = -2.06. Chini ya hapo eneo limetulia daima likiwa peke yake. Juu ya hapo linashikwa na kuachiwa, linashikwa na kuachiwa, bila mtu kugusa kitu. Eneo letu la kwanza lina -1.6, kwa hiyo ni chanzo. La pili lina -2.2: ni zima, ila haliko mbali na mpaka.

Endesha mara tatu. Kwanza weka K yote sifuri: eneo la kwanza litapanda na kushuka, la pili litalala. Kisha weka 0.1 mahali pa 1.0: la pili litatikisika kidogo, lakini halitashikwa. Halafu rudisha 1.0: la kwanza linapanda, muda kidogo unapita, na la pili nalo linapanda. Uchelewaji huo uangalie vizuri, ukiweza ukuze picha. Eneo lenye afya limeingizwa kwenye shambulio kwa kuvutwa z yake chini na jirani, na limehitaji muda kwa sababu z haina haraka. Hivi ndivyo shambulio linavyoweza kuanza kwa kidole kimoja kucheza, na baadaye kidogo mwili mzima ukawa chini.

Baada ya hapo weka K sifuri tena na x0 ya kwanza iwe -0.8. Eneo litapanda na halitashuka tena. Hesabu ya kalamu inakuambia sababu: juu ya takriban -1.02, mizani ya z inakutana na tawi la shambulio lenyewe, na eneo linatulia humo. Kwenye mwili wa mtu, shambulio lisiloisha ni hatari ya kufa. Likipita dakika 5, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Wakati mnasubiri mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Povu lake haliambukizi.

Hatua ya 4: Kuikagua kazi yako

Punguza dt iwe 0.025 na uongeze hatua mara mbili. Picha ikibadilika umbo, ulichokuwa unakiona kilikuwa kosa la hesabu. Ukiongeza kelele, izidishe kwa mzizi wa pili wa dt wala si dt yenyewe, la sivyo nguvu ya kelele itategemea ukubwa wa hatua yako. Pia usiuite muda wa modeli sekunde. Ni vipimo vya modeli. Sekunde utazipata ukishalinganisha na mgonjwa halisi.

Kuhusu umeme: majaribio marefu yagawe vipande, na kila kipande kikiisha hifadhi x, z na namba ya hatua kwa np.savez. Umeme ukirudi unaendelea ulipoishia.

Hatua ya 5: Kulinganisha na EEG ya kweli

Data nyingi za wazi zinatoka ng'ambo, lakini ni bure. Mkusanyo wa CHB-MIT, unaopatikana kwenye tovuti ya data za tiba ya PhysioNet, una EEG za watoto na vijana wenye kifafa sugu waliorekodiwa katika hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, kwa kasi ya vipimo 256 kila sekunde. Usipakue mkusanyo wote, utamaliza mega za mwaka. Chukua faili moja, chb01_03.edf, yenye saa moja ya rekodi. Shambulio linaanza sekunde ya 2996 na kuisha sekunde ya 3036.

```
import mne
raw = mne.io.read_raw_edf("chb01_03.edf", preload=True)
raw.filter(1, 40)
raw.crop(2950, 3080).plot()
```

Tazama mambo matatu. Je, mwanzo ni wa ghafla au unajengeka? Ni nyaya zipi zinaanza, zipi zinafuata? Na kuelekea mwisho, nafasi kati ya mwiba na mwiba inafanyaje? Epileptor kamili inatabiri kwamba mapigo hupungua kasi kadiri mwisho unavyokaribia, nafasi zikipanuka, kisha ukimya. Utabiri huu ni mzuri kwa sababu unaweza kupingwa na rekodi: pima nafasi hizo moja moja, zichore, kisha useme kama modeli imesimama au imeanguka.

Kichujio cha 1 Hz hapo juu kinafuta mwendo wowote wa polepole. Maana yake ni kwamba z huioni kwenye picha hii hata kama ingekuwepo. Utaikisia tu kupitia muda wa shambulio na nafasi kati ya shambulio na shambulio.

Hatua ya 6: Ubongo mzima

Sasa maeneo mawili yanakuwa 76. Programu ya The Virtual Brain ni ya bure. Sakinisha tvb-library pamoja na tvb-data, na utapata ramani ya miunganisho ya kuanzia yenye maeneo 76: jedwali moja la uzito wa kila njia na jingine la urefu wake kwa milimita. Ramani za aina hii mara nyingi hupatikana kwa picha za MRI zinazofuata maji yanavyosambaa ndani ya nyuzi za ubongo. Urefu una kazi yake: njia ya sentimita 10 kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde inachelewesha ujumbe kwa milisekunde 33 hivi.

Chagua modeli ya Epileptor na muungano wa tofauti, ule ule wa x ya jirani kutoa x yangu uliouandika kwa mkono wako. Wape wote x0 ya -2.4, kisha maeneo mawili au matatu jirani uwape -1.6. Usihifadhi kila hatua. Kwa dt ya 0.05, milisekunde 10,000 ni hatua 200,000; mara maeneo 76 unapata MB 120 hivi kwa kila kigeu. Omba wastani wa kila milisekunde 1, na itabaki MB 6.

Kazi ya kufanya hapa ni moja: hamisha chanzo. Kiweke kwenye sehemu ya pembeni ya ubongo, andika maeneo yaliyoshikwa na mpangilio wao, kisha kihamishe mbele, uandike tena. Baadaye kata njia moja kwenye jedwali kwa kuiandika sifuri, uone kama shambulio bado linasambaa. Ndilo wazo ambalo watafiti wa Ufaransa wamelipeleka hospitalini kwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji: ubongo wa mgonjwa hujengwa kwenye kompyuta kwa MRI yake mwenyewe, na eneo la kukata hujaribiwa kwanza humo.

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote

Picha za ubongo unaowaka rangi zina nguvu ya ajabu machoni pa watu. Mama mwenye mtoto anayeanguka akiziona kwenye simu yako atakuuliza: mwanangu atapona? Ramani yako haimjui mtoto wake. Mjibu, «Mama, hii si picha ya mtoto wako, ni hesabu ya kujifunzia,» kisha mwelekeze kwa waganga wa hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kushikwa tena kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo, na phenobarbital, dawa ya miaka mingi na ya bei ndogo, bado inafanya kazi. Asiiache ghafla hata kama mtoto ameonekana mzima, kwa maana kuikata ghafla kunaweza kuleta shambulio lisiloisha.

Kwa daktari, nenda na maswali kabla ya picha. Muulize mashambulizi anayoyaona yanaanzia upande gani wa mwili, yanadumu muda gani, mgonjwa anabaki amelegea kwa muda gani baadaye, na kama yanakuja alfajiri, usingizini au wakati wa homa. Kila jibu ni kipimo cha z kilichochukuliwa bila mashine. Yaandike bila jina la mgonjwa, kwa ruhusa yake na ya hospitali, katika jedwali lenye safu nne hizo. Kisha rudi kwenye Hatua ya 3, ubadilishe x0 na tau mpaka muda wa shambulio na muda wa utulivu vikae katika uwiano ule ule alioutaja daktari.

Uwiano ukikubali, ongeza eneo la tatu lenye x0 ya -2.4, liunganishe na la pili peke yake, na utafute ni K ipi inayolifikia.